Fundi Kabla na Kadi za Miguu

Fundi wa kompyuta unayemjua wewe huja baada. Mashine imeshakufa, mwenye duka anatapatapa, wateja wamejaa mlangoni, ndipo simu inapigwa, na fundi anaingia akitikisa kichwa utadhani aliyefiwa ni yeye. Huyu wetu alikuwa anakuja kabla. Kila mwezi, pawe na tatizo au pasiwe, alibisha hodi, akafungua mashine, akapuliza vumbi, akasikiliza feni, akatazama diski imebakiza nafasi kiasi gani, akaenda zake. Wakamwita Fundi Kabla, na jina likamkaa mpaka akaliandikisha kwenye fulana ya kazi.

"Mbona haijaharibika? Unatengeneza nini?" mwokaji mikate alimuuliza siku ya kwanza, mikono imejaa unga.

"Natengeneza isiharibike, bosi."

"Ala! Basi na mimi niuze mikate ya kesho."

Walicheka, lakini mwokaji alikubali, na wenzake wakafuata: duka la dawa, mpiga picha, shule ya chekechea, mtengeneza miwani, jumla yao kumi na mmoja, biashara ndogondogo zisizoweza kuajiri fundi wa peke yao. Na tumpe haki yake. Kwa miaka tisa hakuna hata mmoja wao aliyepoteza hata barua moja. Nalisema hili mapema kwa sababu mbele huko utataka kumtukana, na mwenyewe ameshajitukana ya kutosha.

Katika hao kumi na mmoja, wa kwanza kabisa, hata kabla ya mwokaji, alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, fundi viatu. Si viatu hivi vya dukani. Mzee alishonea miguu isiyolingana: mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake kwa vidole vitatu, unyayo uliopinda tangu kuzaliwa, kisigino kilichounga vibaya baada ya ajali, mguu uliokatwa vidole kwa sababu ya sukari. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya nyumba, kinanuka gundi na ngozi, kalibu za mbao zenye umbo la mguu zimening'inia ukutani kwa kamba, na upande wa dirishani makabati mawili yaliyojaa kadi.

Kila mteja alikuwa na kadi yake. Juu kulikuwa na mchoro wa nyayo zote mbili kwa penseli, pembeni vipimo, na chini, kwa mwandiko mdogo uliolala, mambo ambayo mzee aliyagundua mwenyewe. "Usiinue kisigino kupita hapa, nyonga itamuuma." "Anasema haumii. Anaumia. Weka sufi upande wa ndani." Nyingine zilikuwa na miaka thelathini ya nyongeza, tangu mtu ni mtoto mpaka ana wajukuu. Zilikuwa elfu moja mia mbili na themanini.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," mzee alipenda kusema. "Kiatu nashona mimi, kunguni anawajua mwenye mguu. Kwa hiyo namsikiliza, halafu naandika."

Aliyekuwa akijifunza kwake ni binti yake wa pekee. Fundi Kabla alimwita dada, maana alimzidi miaka mitatu, na walipokuwa watoto alikuwa akimchapa kwa brashi ya viatu akigusa gundi. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko ya baba yake, mzee mwenyewe alikiri. Kilichokuwa bado ni ile sababu ya kila mguu, na hiyo ilikaa kabatini.

Sasa, Fundi Kabla alikuwa na cheti. Cheti chenyewe si cha kutundika ukasahau. Kila baada ya miaka mitatu kinakwisha nguvu, na mwenyewe lazima asome mambo mapya, akafanye mtihani upya mbele ya kompyuta, kamera inamtazama asiibe. Mjomba hilo lilimchekesha mpaka machozi.

"Cheti gani hicho kinachochacha kama maziwa?" alisema. "Mimi baba yangu alinifundisha mara moja, akanipiga kofi moja, yakaisha."

"Mjomba, miguu haibadiliki. Kompyuta zinabadilika kila siku."

"Nani kakwambia miguu haibadiliki? Hebu vua soksi."

Ndivyo walivyokuwa. Walipendana kwa kutaniana, na kijana huyu, aliyekulia bila baba, hakuwa na mwanaume mwingine wa kumtania hivyo.

Mchwa ndio walioleta maneno. Siku moja dada alifungua kabati la pili akakuta kadi arobaini zimeliwa pembeni. Fundi Kabla akaona nafasi yake. Akaleta skana, na kwa miezi minne yeye na dada wakaingiza kadi moja baada ya nyingine kwenye kompyuta ya karakana. Kisha akaweka mpango mdogo wa kunakili kila kitu kila siku kwenye diski ya akiba iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma, waya tu umetokeza. Kazi safi. Ilipokwisha akasema zile kadi za karatasi zichomwe, maana mchwa walikuwa wameingia hata kwenye mbao, na dada alihitaji pale mahali kwa cherehani ya pili.

Mzee alisimama mlangoni ameshika kadi moja. "Una hakika, mpwa wangu?"

"Mjomba, karatasi inaliwa. Hii hailiwi."

Wakachoma. Mzee hakutoka kuangalia.

Nisimwonee. Mwanzoni alifanya mambo inavyotakiwa, tena kupita inavyotakiwa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikuja karakana, akachomeka ile diski ya akiba kwenye kompyuta yake ya mkononi, akafungua kadi moja yoyote, akamgeuzia mjomba kioo. Na mzee akianza, basi: "Aa, huyu! Huyu alikuja amebebwa mgongoni, akaondoka anatembea, akarudi kunidai kwa nini sikumfanyia mapema." Saa nzima inakwisha, dada anacheka huku anakata ngozi. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha nakala, na ni kipimo bora kuliko vyote, kwa kuwa nakala iliyofunguka na kusomeka ndiyo nakala.

Halafu mzee akapigwa na kiharusi. Alfajiri moja aliamka upande wa kulia umekufa na ulimi umefungika. Mtu aliyekuwa na neno kwa kila mguu wa mji mzima akabaki na sauti moja tu, kama mtu anayeguna. Walimlaza chumba cha mbele, mito mgongoni, mkono wa kushoto juu ya shuka.

Fundi Kabla alikuja Jumamosi ile ya kwanza baada ya hospitali. Akafungua kadi moja, akamgeuzia kioo kama kawaida. Mzee akaangalia. Mdomo ukahangaika, ukahangaika, mate yakamtoka, na machozi yakafuata. Fundi Kabla akafunga kompyuta, akasema ana mteja anamsubiri. Hakukuwa na mteja.

Mwezi uliofuata hakuja. Sababu alikuwa nayo, nzuri, ya kumwambia mtu yeyote: cheti kilikuwa kinakaribia kuisha, mtihani wa safari hii ulikuwa mgumu, lazima asome. Na teknolojia mpya aliyokuwa akiisoma ilimpa njia. Aliweka mpango wa kuwatazama wateja wote kumi na mmoja kutoka nyumbani, kwa mtandao. Asubuhi, kikombe cha chai mkononi, anafungua ukurasa mmoja: majina kumi na moja, na mbele ya kila jina alama ya kijani. Nakala imefanyika. Nakala imefanyika. Dakika tano, basi. Mkewe alimuuliza, "Kwa mjomba huendi?" Akamjibu, "Kwa mjomba kuko sawa, naona kutoka hapa."

Jamani, hakuwa anaona chochote.

Alikwenda mara moja tu, mchana wa siku ya kazi, kwa haraka. Kompyuta ya karakana ilikuwa nzito, akaiongezea diski mpya ya kasi, akahamishia humo folda ya kadi, akapita karibu na dirisha la chumba cha mbele akapunga mkono, akaondoka. Kwa haraka ile alisahau kuuambia ule mpango wa kunakili kwamba kadi zimehama. Folda ya zamani ilibaki kwenye diski ya zamani, na jina lile lile, tupu. Mpango ukaendelea na kazi yake kila siku: unakwenda kwenye folda tupu, unanakili utupu, unamaliza bila hitilafu, unawasha kijani. Na kwa kuwa ulipangwa kutunza nakala za siku thelathini tu, mwezi ulipokwisha zile nakala nzuri za zamani zikawa zimefutwa zote, moja kila siku, kwa utaratibu kabisa.

Mtihani akaufanya. Swali la ishirini na saba, analikumbuka mpaka leo, liliuliza hivi: mteja ana nakala za akiba zinazoonyesha kila siku kwamba zimefaulu, utathibitishaje kwamba zinafaa? Alicheka kidogo mbele ya kamera kwa urahisi wake. Akachagua jibu: fungua nakala kwenye mashine nyingine, usome kilichomo. Sahihi. Alipata tisini na mbili kwa mia.

Wiki ya tatu baada ya hapo dada akapiga simu. "Kompyuta inafanya tk, tk, tk. Na kadi hazifunguki. Nina mtu hapa kavua viatu anasubiri."

"Diski imekufa. Mpya hufanya hivyo wakati mwingine. Usijali dada, nakala tunayo."

Alikwenda anapiga mluzi. Akalitoa sanduku la chuma, akachomeka diski ya akiba, akafungua folda. Haikuwa na kitu. Akafungua ya jana yake, na ya juzi, na ya wiki iliyopita, mpaka ya siku ya thelathini. Dada alikuwa amesimama nyuma yake, futikamba imemning'inia shingoni. Fundi Kabla alielewa yote mara moja: siku ile ya diski mpya, dirisha, kupunga mkono.

"Ngapi zimebaki?" dada aliuliza.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, dada. Nilihamisha kadi, nikasahau kuuambia mpango. Ulikuwa unanakili folda tupu. Miezi saba."

Dada alikaa kwenye kigoda cha wateja. Alikuwa na haki ya kusema: wewe ndiye uliyetuambia tuchome. Hakusema. Alimgeukia yule mtu aliyevua viatu akamwambia kwa adabu arudi wiki ijayo. Fundi Kabla anasema angetukanwa pale angelala usingizi.

Ile diski iliyokufa aliipeleka kwa mtaalamu wa kufufua diski, mji mwingine, saa sita kwa basi. Baada ya siku kumi na nne akarudishiwa ndani ya mfuko wa plastiki: imekwaruzika ndani, haisomeki. Siku hiyo hiyo barua ya cheti kipya ikaingia. Aliitia kwenye droo bila kuifungua.

"Baba asijue," dada alimwambia. "Amebakiwa na kitu kimoja tu cha kumtuliza moyo. Ukimwambia, utamuua."

Akakubali. Alijua kuna huruma ndani ya neno lile, na alijua vilevile kwamba upande wake yeye ilikuwa woga mtupu. Akaanza kwenda kwa mjomba mara tatu kwa wiki. Ule muda ambao hakuwa nao, ukapatikana. Alimnyoa, alimgeuza, alimlisha uji kwa kijiko. Na kila alipokuja, mzee aliweka mkono wa kushoto juu ya shuka, akachora kwa kidole umbo la unyayo, akainua nyusi. Kadi zangu?

"Zipo, mjomba. Zipo salama."

Mzee akafumba macho, ametulia. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yake ilikuwa ndefu, maana kila siku ilimbidi aipite upya.

Huko karakana mambo yalikuwa mabaya. Dada alipima upya kila aliyekuja, akashona vizuri, na watu wakarudi. "Nyonga inauma." "Kidole kinachubuka." Kijana mmoja alirudi mara tatu, mwishowe akasema taratibu, asimuumize: "Dada, hiki si kiatu cha mzee." Hakurudi tena. Dada alianza kusema habari ya kuuza cherehani ya pili.

Na hapa ndipo penye uchungu hasa. Nakala moja ilikuwa imebaki duniani: mzee mwenyewe. Ulimi ulikufa lakini kichwa kilikuwa kizima. Alikuwa anaweza kutikisa kichwa ndiyo au hapana, alikuwa anaweza kuchora kwa mkono wa kushoto. Wangekaa naye, mguu baada ya mguu, wangeokoa hata mia mbili. Lakini kumuuliza ni kumwambia. Fundi Kabla alijaribu siku moja, kwa ujanja. Palikuwa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, aliyevaa kiatu cha kahawia kilichoinuliwa upande wa kushoto, mteja tangu zamani.

"Mjomba," alisema kama anayepiga soga, "yule mwalimu wa kiatu cha kahawia, hivi kisigino chake ulikifanyaje?"

Mzee akamtazama, akashangaa kidogo. Kisha akatabasamu kwa ule upande uliobaki, akachora unyayo juu ya shuka, akamwonyesha kwa kidole mlango wa karakana. Angalia kwenye kadi, mpwa wangu.

"Sawa, mjomba," akasema. "Nitaangalia."

Alikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Walikuwa wawili tu chumbani. Alisimama akaenda kuosha bakuli la uji, na alipolimaliza aliliosha tena. Siku tisa baadaye mzee akafa, anaamini kazi yake ya maisha imehifadhiwa na mtoto wa dada yake.

Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alikuja siku ya matanga. Watu walifurika kuliko walivyotazamia. Chumba kikajaa, ukumbi ukajaa, na kwa kuwa ndani kulitandikwa mikeka, kila mtu alivua viatu mlangoni. Fundi Kabla alitoka kupata hewa akasimama palepale kizingitini. Barazani kulikuwa na safu tano za viatu, na karibu vyote havikulingana. Kimoja kirefu, mwenzake kifupi. Kimoja chembamba, mwenzake kimepanuliwa ubavuni. Soli iliyoinuliwa, kisigino kilichokatwa mshazari. Pea mia na zaidi, kazi ya mkono mmoja.

Alikimbilia karakana akarudi na penseli na karatasi za kukatia. Akapiga magoti, akaanza kuchora. Anaweka kiatu, anazungusha penseli, anapima kimo cha kisigino kwa futikamba, anatia mkono ndani kupapasa, anaandika. Watu waliopita walidhani majonzi yamempanda kichwani. Alikuwa ameshafanya kumi na saba, suruali imechafuka magotini, aliponyanyua kiatu cha kahawia na kusikia mtu anakohoa juu yake.

"Unatafuta nini kwenye kiatu changu, mwanangu?"

Ni yule mwalimu mstaafu, ameshika ukuta, mguu wa kushoto unaning'inia.

Angeweza kusema anavipanga. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Mwalimu, kadi yako niliipoteza mimi," akasema. "Na za watu wote. Mjomba hakujua. Kila siku alikuwa ananiuliza, kila siku nikamwambia zipo salama, mpaka amekufa. Dada hana pa kuangalia. Ndiyo nachora."

Bibi akajishusha polepole akakaa kwenye ngazi.

"Haya, andika," alisema.

"Ndani hapa, chini ya kisigino, kuna kitu kigumu. Nakipapasa lakini sikijui. Alikuwekea nini? Kwa nini?"

Bibi alinyoosha mkono. Akachukua kiatu, akatia vidole vyake mwenyewe ndani, akapapasa pale pale, na uso wake ukabadilika.

"Sijui," akasema. "Miaka ishirini na sita alikuwa ananishonea hivi hivi. Mara ya kwanza aliponivika nilisimama, sikusikia maumivu, nikalia, nikamshukuru. Kwa nini hakiumi, sikumuuliza hata siku moja. Yeye alikuwa anajua."

Penseli ilikuwa mkononi mwa Fundi Kabla, na hakuwa na la kuandika. Bibi alimwombea Mungu ampe subira, akasema ana safari ya kurudi kwake, akanyoosha mguu. Fundi Kabla akamvika, akamfungia kamba, akamwinua kwa mkono. Bibi akashuka ngazi, akavuka ua, akaenda zake bila kuchechemea. Kila alipoinua mguu, Fundi Kabla aliiona ile soli kwa chini. Ilikuwa imebakiza mwaka mmoja, pengine miwili.